Kumlilia Mtu wa Kwenye Televisheni: Somo la Afya Kuhusu Msiba



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na uzazi salama. Mwezi huu tunaleta somo ambalo wengi hawalihesabu kuwa la afya, nalo ni msiba. Sisi wauguzi tunakutana nalo karibu kila siku. Mtu anakuja akilalamika kichwa, tumbo, au moyo kwenda mbio. Tunapima damu, tunapima choo, hatuoni kitu. Tukikaa naye na kumwuliza polepole, "Nyumbani hali ikoje?", ndipo tunasikia ya kuwa amefiwa, na kwamba tangu siku ya mazishi hajapata mtu wa kumsikiliza.

Tutaanza na msiba ambao watu waliucheka, kwa sababu ndio uliotufundisha zaidi.

1. Kijana aliyemlilia mzungu

Mwezi Septemba mwaka 2006 mama mmoja wa Buger alimleta mwanawe hospitalini kwetu. Kijana alikuwa kidato cha pili, amepanga chumba na wenzake mjini Karatu. Kwa zaidi ya wiki moja alikuwa hali chakula vizuri, halali usiku, na darasani anakaa tu akitazama ukuta. Mama alieleza kwa aibu: "Nesi, huyu analia kwa sababu ya mzungu wa kwenye televisheni. Mtu hata hamjui. Nimemwambia aache, hasikii. Labda mna dawa."

Mzungu huyo alikuwa Steve Irwin wa Australia, mtangazaji wa vipindi vya wanyama aliyejulikana dunia nzima kwa kuwashika mamba na nyoka kwa mikono yake. Kijana alikuwa akimtazama katika banda la video pale mjini kila alipopata shilingi chache za kiingilio. Tarehe 4 Septemba 2006 Irwin alikuwa baharini, jimbo la Queensland, akipigwa picha za filamu. Samaki aitwaye taa alimchoma kifuani kwa mwiba wa mkia wake, naye akafa akiwa na umri wa miaka 44. Redio zikatangaza habari hiyo kila mahali, hata kwetu.

Tunakiri ya kuwa baadhi yetu tulitaka kucheka. Wodini tulikuwa na mama aliyepoteza mtoto asubuhi ileile, na hapa kuna kijana mwenye afya anamlilia mtu wa ng'ambo! Lakini mmoja wetu, aliyekuwa na miaka mingi kazini, alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya huyu, nani mwingine amekufa?"

Kijana akainamisha kichwa. Aliyejibu ni mama. Baba yake aliuawa na nyati mwaka 2003, kando ya msitu wa Marang, alipokwenda kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Kijana alikuwa bado yuko shule ya msingi. Siku ya mazishi wakubwa walimwambia, "Wewe ndiwe mwanaume wa nyumba sasa. Usilie mbele ya mama yako." Naye akatii. Kwa miaka mitatu hakulia.

Siku ile alituambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo za wanyama: huyu ni ngiri, huyu ni pofu, huyu ni nyati dume aliye peke yake, usimfuate. Kule kwenye banda la video, kila mara alimwona mtu akimkaribia mnyama mkali na kurudi salama. Hilo ndilo lililompendeza kuliko yote, kwamba alikuwa anarudi. Safari hii na yeye hakurudi.

Basi, ndugu msomaji, tuelewe. Kijana hakuwa amerogwa, wala hakuwa na kichaa. Alikuwa anamlilia baba yake, amechelewa miaka mitatu.

2. Jiwe lililoko ukingoni mwa kreta

Tulipokuwa tukizungumza, mama yake aliongeza maneno ambayo hatujayasahau: "Hawa wazungu wa wanyama wakifa, dunia nzima inajua. Yule wa Ngorongoro amejengewa mnara kabisa, watu wanasimamisha magari kupiga picha. Mume wangu ana rundo la mawe nyuma ya nyumba, na mvua inalisambaza."

Wengi wetu tumepita pale juu, penye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, tukauona ule mnara wa mawe kando ya barabara. Wachache wanajua habari yake. Tuieleze kwa kifupi, maana ina mafundisho juu ya msiba.

Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1909. Kuanzia mwaka 1945 hadi 1974 aliongoza bustani ya wanyama ya mji wa Frankfurt. Mwaka 1956 alianza kipindi cha televisheni juu ya wanyama. Alikuwa akiketi mezani na mnyama hai pembeni yake, pengine nyani, pengine duma, na kuzungumza na watazamaji kama mtu anayezungumza na jamaa zake sebuleni. Kipindi hicho kiliendelea miaka 30. Wajerumani wengi walikua nacho tangu utoto hadi wakawa na watoto wao. Kwa kipindi hicho alikusanya fedha za kuhifadhi wanyama, na aliwahimiza watu waje kuzitembelea mbuga za Afrika Mashariki. Sehemu ya watalii wanaopita Karatu leo ni matunda ya maneno yake.

Alikuwa na mwana aitwaye Michael, ambaye ndiye aliyekuwa mwenzake katika kazi. Baba na mwana walijifunza kuendesha ndege, wakaja Serengeti na ndege ndogo iliyopakwa mistari kama punda milia, ili kuwahesabu wanyama na kufuata njia zao za kuhama. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akirusha ndege hiyo peke yake. Ikagongana na tumbusi angani, ikaanguka. Michael akafa papo hapo akiwa na umri wa miaka 24, akamwacha mke kijana. Wakamzika pale ukingoni mwa kreta.

Baba alirudi kazini. Alimaliza filamu waliyoianza wote wawili, juu ya Serengeti, na mwaka 1960 filamu hiyo ikapewa tuzo ya Oscar nchini Marekani. Aliendelea na televisheni miaka 28 baada ya kumzika mwanawe. Tarehe 13 Machi 1987, akiwa na miaka 77, alikuwa Frankfurt katika onyesho la sarakasi pamoja na watoto, wakitazama simbamarara. Pale pale penye kiti chake akafariki. Nyumba nyingi za Ujerumani zilihuzunika kana kwamba amekufa babu wa nyumba ile. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro, yakazikwa karibu na mwanawe. Baba alirudi mahali alipomwacha mtoto wake.

Tuseme pia ukweli mwingine. Si kila mtu wa huku anamkumbuka kwa namna moja. Grzimek aliamini ya kuwa hifadhi ya wanyama haipaswi kukaliwa na watu. Mwaka uleule wa 1959 wafugaji wa Kimaasai waliondolewa ndani ya Hifadhi ya Serengeti na Serikali ya kikoloni, na Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la watu na wanyama pamoja. Na sisi tunaoishi Buger, ambao tembo na nyati wanashuka msituni na kula mahindi yetu, hatuwezi kumtazama mnyama kwa jicho lilelile la mtu aliyeko Frankfurt. Hakuna ubaya katika hilo. Msiba haulazimishwi. Asiyelia na asilie, lakini asimcheke anayelia.

3. Kwa nini tunamlilia mtu tusiyemjua?

Wengine husema, "Hawezi kuwa msiba, si ndugu yake." Lakini moyo hauhesabu udugu kwa damu tu. Mtu ambaye sauti yake unaisikia kila wiki nyumbani kwako, redioni au kwenye televisheni, moyo wako unamzoea kama jirani. Wakubwa kati yetu tunakumbuka tarehe 14 Oktoba 1999, alipofariki Mwalimu Nyerere. Wangapi kati yetu tuliwahi kumshika mkono? Hata hivyo tulilia, tena wazee walilia hadharani, na hakuna aliyewaambia ni wagonjwa.

Tena, msiba mpya huamsha wa zamani. Mtu aliyefiwa akazuiwa kulia ni kama mwenye jipu lililofunga juu na ndani lina usaha. Siku likiguswa, hata kwa kitu kidogo, litapasuka. Kwa hiyo ukimwona mtu analia kupita kiasi cha jambo lenyewe, usimwambie, "Unalilia nini?" Fanya kama yule mwenzetu alivyofanya. Uliza ni nani mwingine alikufa kabla ya huyu.

4. Msiba unavyoushika mwili

Msiba hauko moyoni tu. Mtu akipata habari ya kifo, mwili unamwaga ndani ya damu kemikali zilezile zinazomwagika mtu akikutana na simba. Moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, tumbo linakataa chakula, usingizi unakimbia. Kwa mtu mwenye afya hali hiyo hutulia siku kwa siku. Lakini yafuatayo yanahitaji uangalifu:

a) Moyo. Imeonekana ya kuwa siku za kwanza baada ya kufiwa, hatari ya shtuko la moyo huongezeka, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa moyo tangu awali. Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza pia ugonjwa ambao moyo hulegea ghafla kwa sababu ya huzuni au hofu kubwa, ukavimba upande mmoja kama chungu cha kutegea pweza. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Kwa hiyo mfiwa akilalamika maumivu ya kifua au kukosa pumzi, msiseme tu, "Ni uchungu wa msiba." Mpelekeni hospitali.

b) Dawa za kila siku. Katika heka heka za msiba, mwenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa, au anayetumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI husahau dawa zake. Tumewapokea watu siku ya tatu ya msiba wakiwa mahututi kwa sababu hiyo tu. Kila familia imteue mtu mmoja wa kuwakumbusha wagonjwa dawa zao mpaka shughuli ziishe.

c) Chakula na maji. Mfiwa hana hamu ya kula. Msimlazimishe sahani kubwa ya makande. Mpeni uji, maziwa, mchuzi, kidogo kidogo, mara nyingi.

d) Mama anayenyonyesha. Wako wanaosema maziwa ya mama aliyefiwa yameharibika na yatamdhuru mtoto. Si kweli. Maziwa yanaweza kupungua kwa kuwa mama hali wala halali, lakini hayageuki sumu. Aendelee kunyonyesha, anywe maji na uji wa kutosha, na mtoto awekwe kifuani mara nyingi. Kumwachisha mtoto ziwa ghafla kunaweza kuleta msiba wa pili.

e) Pombe na vidonge vya usingizi. Pombe humfanya mfiwa asahau jioni na kumrudishia huzuni alfajiri, tena ikiwa kubwa zaidi. Vidonge vya usingizi vya kuazima kwa jirani ni hatari vilevile, hasa vikichanganywa na pombe. Msivitumie bila daktari.

5. Hasira ya msiba

Baada ya kifo cha Steve Irwin, samaki kadhaa aina ya taa walikutwa wamekufa katika fukwe za Queensland, wengine wamekatwa mikia. Wengi waliona ya kuwa ni watu waliokuwa wakilipa kisasi. Je, samaki alijua nini? Alihisi hatari akajikinga, kama nyati anavyofanya.

Tusiwacheke watu hao, maana hata sisi tunafanya hivyo. Kifo kinapotuuma tunatafuta wa kumlaumu: jirani, mjane, mkwe, daktari, au bibi kizee asiye na mtu wa kumtetea. Hasira ni sehemu ya huzuni, na mfiwa anapaswa kuruhusiwa kuisema kwa maneno. Lakini wazee na viongozi wa jumuiya wawe macho, isije ikageuka kuwa fimbo mkononi. Neno lililosemwa msibani kwa hasira linaweza kumfukuza mjane nyumbani kwake, au kusababisha mtu asiye na hatia auawe kwa madai ya uchawi.

Wengine hukasirika na nafsi zao: "Ningemzuia asiende." Mama yule wa Buger alijilaumu miaka mitatu kwa sababu yeye ndiye aliyemkumbusha mumewe juu ya ng'ombe. Mtu wa namna hiyo haponi kwa kuambiwa, "Usijilaumu." Anahitaji kueleza habari yote ya siku ile, tangu asubuhi, mara nyingi, mbele ya mtu asiyemkatiza.

6. Watoto wafundishwe nini?

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Tunawapeleka watoto kwa majirani mpaka mazishi yaishe, au tunawaambia, "Baba amesafiri," "Bibi amelala." Mtoto aliyeambiwa baba amesafiri atasimama njiani kila jioni kumngojea. Aliyeambiwa bibi amelala ataogopa kulala. Semeni neno lenyewe: amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii maumivu, na hatarudi hapa nyumbani. Mnaweza kueleza na imani yetu baada ya hapo, lakini ukweli huo usifichwe.

Watoto wadogo wa chini ya miaka mitano mara nyingi hawaelewi ya kuwa kifo hakina kurudi. Watauliza swali lilelile mara kumi. Jibuni mara kumi bila kukasirika. Mtoto anaweza kulia sasa hivi, na baada ya dakika tano akawa anacheza mpira. Si kwamba hana huzuni. Ndivyo watoto wanavyoibeba, kidogo kidogo.

Katika kumbukumbu ya Steve Irwin iliyofanyika tarehe 20 Septemba 2006 kwenye bustani yake ya wanyama, binti yake Bindi, mwenye miaka 8, alisimama mbele ya maelfu ya watu akasema maneno yake mwenyewe juu ya baba yake. Hatusemi kila mtoto asimamishwe mbele za watu. Tunasema mtoto apewe nafasi. Aulizwe kama anataka kumwaga udongo, kuweka ua, kusema neno, au kukaa tu karibu na mtu anayempenda. Linganisheni na kijana wetu wa Buger, aliyepewa amri moja tu: usilie.

Kuhusu wavulana, tuache kusema mwanaume halii. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwona kuwa dhaifu.

7. Kazi ni dawa, lakini siyo mahali pa kujificha

Watu hutuuliza, "Mfiwa arudi kazini lini?" Tumemwona Grzimek akirudi kwenye kazi ileile aliyokuwa akiifanya na mwanawe. Kazi inaweza kumsaidia mfiwa. Inampa sababu ya kuamka, inachosha mwili ukapata usingizi, na ikiwa ni kazi aliyoipenda marehemu, inamfanya aone ya kuwa si yote yaliyozikwa. Kupalilia shamba alilolilima marehemu ni dawa kuliko vidonge vingi.

Lakini yuko mtu anayefanya kazi usiku na mchana ili asifikiri. Hataki jina la marehemu litajwe, hataki kupita kaburini. Huyo hajapona, amejificha. Tumpe kazi yake, lakini tumtafutie pia siku ya kukaa na kukumbuka.

Wazee wetu Wairaqw walikuwa na desturi ya kuitenga kwa muda nyumba iliyopatwa na misiba ya aina fulani. Desturi hiyo iliwaumiza wengi kwa kuwaacha wapweke. Tusiirudie. Lakini walijua jambo moja ambalo tunalisahau, kwamba huzuni inahitaji muda wake maalumu, na kwamba aliyefiwa si sawa na mtu wa kila siku. Leo tunazika saa nane, saa kumi tunahesabu rambirambi, kesho turubai limeshushwa na kila mtu ameondoka. Mfiwa hubaki peke yake hasa wiki ya tatu na ya nne, wakati watu wamekwisha kusahau. Huo ndio wakati wa kumtembelea.

8. Dalili za hatari

Hakuna kipimo kimoja cha huzuni kwa watu wote. Wengi huanza kupata nafuu katika miezi ya mwanzo, ingawa sikukuu na siku ya kumbukumbu ya kifo hurudisha machozi. Hilo ni kawaida. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni iliyokawia kuwa ni ugonjwa. Huo ni msiba ambao, baada ya miezi sita au zaidi, bado unamzuia mtu kuishi maisha yake, kupita kiasi cha desturi za watu wake.

Mleteni mtu hospitali au kituo cha afya bila kungoja miezi sita ikiwa:

• hali wala hanywi kwa siku kadhaa, au anakonda haraka;
• hatoki kitandani, haogi, hajali watoto;
• anasikia sauti zinazomwamuru afanye jambo baya (kumwona au kumsikia marehemu kidogo tu, hasa usiku, huwapata wafiwa wengi na si kichaa);
• amezidi kulewa;
• anasema afadhali angekufa yeye, au anagawa vitu vyake.

Juu ya hilo la mwisho, msiogope kumwuliza waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo baya, humfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake, mwiteni muuguzi au daktari, na ondoeni nyumbani dawa za kuua wadudu wa mahindi, dawa za mifugo na kamba. Katika vijiji vya wakulima kama vyetu, sumu ya shambani iko karibu mno na mkono wa mtu aliyekata tamaa.

9. Yule kijana alipata dawa gani?

Mama alikuja kutafuta dawa, na hatukumpa kidonge hata kimoja. Tulimwomba baba mdogo wa kijana aje hospitalini. Alikuja siku ya tatu. Alikuwa mmoja wa wale waliomwambia asilie. Tulimweleza kama tulivyowaeleza ninyi, naye akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia kijana, "Tulikukosea, mwanangu. Sisi wenyewe tulikuwa tunaogopa kulia."

Shule zilipofungwa walikwenda pamoja nyuma ya nyumba. Walikusanya mawe yaliyosambaa, wakayapanga upya, wakayashikiza kwa udongo wa kichuguu, wakasimika msalaba wa mbao na kuandika jina na miaka ya marehemu. Mama alikuwapo. Kijana alilia siku hiyo mpaka akalala pale pale juu ya nyasi. Tulipomwona tena mwezi Januari alikuwa amenenepa kidogo, na amerudi darasani. Alituambia bado anapenda vipindi vya wanyama.

Mama alitusalimu akasema, "Na sisi tuna mnara wetu sasa." Hakusema zaidi, na sisi hatukuongeza neno.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, ni nani aliyefiwa mwaka huu na hajatembelewa tangu mazishi? Nani atakwenda, na lini?
2. Tunawaambia nini watoto nyumba inapopata msiba? Tubadilishe nini?
3. Je, yuko mtu kati yetu anayelaumiwa kwa kifo ambacho hakukisababisha? Tumsaidieje?
4. Nani atakuwa mkumbushaji wa dawa za wagonjwa siku za msiba?

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya shinikizo la damu na matumizi ya chumvi. Hadi hapo, tunawatakia afya njema ya mwili na ya moyo.